Nilivyojifunza Kutoutazama Mpira

Kwa miaka 12 nilicheza softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli, nikiwa mdakaji, yaani yule mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira unaotoka kwa mrushaji. Muda huo wote kazi ya macho yangu ilikuwa moja, nayo ni kuuandama mpira tangu unapoachwa mkononi hadi unapotua ndani ya glavu yangu. Kaka yangu aliponiomba nimfundishe binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 9, kurusha mpira, nilikubali papo hapo, kwa kuwa niliamini kwamba mtu aliyeidaka maelfu ya mipira ya aina hiyo hawezi kukosa kujua inavyorushwa. Ilinichukua karibu miezi miwili kutambua kwamba nilichokijua ni namna mpira unavyofika, na kwamba kuhusu namna unavyoondoka nilikuwa mgeni kama yeye.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu, inafaa nieleze kwanza kinachoufanya urushaji wake uwe wa pekee. Katika besiboli mrushaji huupitisha mkono juu ya bega, lakini katika softiboli sheria inamtaka aurushe mpira kwa chini: mkono uwe chini ya nyonga wakati mpira unapoachwa, na kifundo cha mkono kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Mrushaji huanza akiwa ameukanyaga ubao wenye upana wa sentimita 61, kisha hupiga hatua moja ndefu kuelekea kwa mpigaji huku mkono wake ukizunguka duara kamili kama bawa la kinu cha upepo. Wanawake wazima hurusha kutoka umbali wa mita 13.11. Watoto wa kundi la miaka 10 na chini husogezwa hadi mita 10.67, na mpira wao huwa na mzingo wa takriban sentimita 28 badala ya 30.5, ili uweze kukaa katika viganja vyao. Jina la mchezo lina maana ya mpira laini, lakini asidanganyike mtu. Ulaini huo ni wa mwaka 1887, pale Chicago, mchezo ulipoanzia ndani ya jengo kwa kupiga glavu ya ngumi iliyofungwa kwa kamba ikawa duara. Mpira wa leo ni mgumu, na miundi ya miguu yangu inaweza kutoa ushahidi.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani hufanywa na kila mtu anayemfundisha mtoto jambo analolipenda mwenyewe: nilimpa yote kwa mkupuo mmoja. Nilisimama mbele yake nikamwonyesha namna ya kuuinua mkono, kuuzungusha nyuma, kupiga hatua, kuifungua nyonga, kuishusha bega, kukikunja kifundo na kumalizia. Alinitazama kwa makini, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akajaribu kuyafanya mambo hayo saba kwa pamoja, na mpira ukapaa nyuma ya kisogo chake. Aligeuka huku na huku, akauliza, "Shangazi, umekwenda wapi?" Nilicheka, naye akacheka, lakini baada ya majaribio mengine 20 ya namna hiyo hakuna aliyekuwa akicheka tena.

Ndipo nilipoamua kuanzia mwisho. Kitendo cha kurusha kwa chini kinamalizikia katika vidole, na mwanzoni mtoto hahitaji kujua lolote kuhusu mguu wala bega, mradi vidole vyake havijui kuuachia mpira. Nilimketisha kwa goti moja mbele ya wavu, umbali wa hatua tatu, nikamfundisha kwanza namna ya kuushika. Mishono ya mpira huchora umbo linalofanana na kwato ya farasi, na vidole vinapaswa kulala juu ya mshono kwa kuukatiza, si kwa kuufuata, ili ncha zake zipate mahali pa kuukwaruza mpira unapotoka. Mtu mzima hutumia vidole viwili au vitatu. Mtoto mwenye kiganja kidogo hutumia vitatu, na hata vinne havina ubaya kwa kuanzia. Kidole gumba hukaa upande wa pili. Jambo ambalo wengi hulisahau ni nafasi kati ya mpira na kiganja: mpira ukizama kiganjani hutoka kama jiwe, hauzunguki, na mtoto hulazimika kuusukuma. Nilimwambia abakize nafasi ya kupitisha kidole kimoja cha mkono mwingine, na kwa wiki nzima kila alipoushika mpira alikipitisha kidole hicho kwanza kama mtu anayekagua mzigo kabla ya safari.

Kisha tukaanza kukifanyisha kazi kifundo cha mkono. Mkono wa glavu ulikishika kigasha cha mkono wa kurushia kisisogee, na kifundo pekee ndicho kilichotupa mpira wavuni. Ni zoezi lisilo na fahari yoyote, na mtoto hulichoka upesi, kwa hiyo nilibandika utepe mwekundu kuuzunguka mpira, nikamwambia autazame. Mpira ukitoka sawasawa, utepe huonekana kama mstari mmoja uliotulia hewani. Ukitoka kwa kusokotwa na upande wa kiganja, utepe huyumbayumba kama gurudumu lililolegea. Utepe ule ulinisaidia kuliko maneno yangu yote, kwa sababu ulimpa jibu papo hapo bila kunisubiri mimi, na mtoto anayepata jibu kutoka kwenye mpira hachoki haraka kama anayelipata kutoka kwa shangazi.

Tulikwenda vizuri hadi tulipoanza kuutumia mkono mzima, na hapo ndipo likatokea kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka huona haya. Nilikuwa nimerudi mahali nilipopazoea, nimechuchumaa mbele yake na glavu mkononi. Mipira yake ilianza kupaa. Mmoja ulipita juu ya kichwa changu, wa pili ukapita juu zaidi, nami nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Unauachia mapema. Chelewesha kidogo." Alichelewesha. Mpira ukagonga ukuta mahali ambapo sikuweza kupafikia hata kwa kuruka. Nikarudia maneno yaleyale, naye akatii tena, na mambo yakazidi kuharibika. Mwishowe alisimama, mpira ukiwa kwenye glavu, akasema kwa upole, "Shangazi, nikichelewesha ndiyo unazidi kwenda juu." Nilimjibu afanye ninavyomwambia.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilichukua soksi mbili, nikazikunja pamoja zikawa mpira, nikasimama katikati ya chumba na kuanza kuzirusha ukutani kwa chini, polepole, nikiuangalia mkono wangu. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mtu anayerusha kwa kuupitisha mkono juu ya bega akiuachia mpira mapema, mpira hupaa, na akichelewa, hugonga ardhi, kwa kuwa mkono unatoka juu kwenda chini. Hilo nililijua tangu utotoni, maana mdakaji mwenyewe hurusha kwa juu anapotaka kumnasa mkimbiaji anayeiba kituo, yaani anayekikimbilia kituo kinachofuata wakati mpira unarushwa kwa mpigaji. Katika kurusha kwa chini mambo hugeuka. Mkono hushuka kutoka nyuma, hupita ubavuni mwa nyonga, halafu huanza kupanda kuelekea mbele. Ukiuachia mpira kabla ya kufika nyongani, mkono bado unashuka na mpira hujikita ardhini, na ukiuachia baada ya kuipita nyonga, mkono umekwisha kuanza kupanda na mpira hupanda nao. Kwa miaka yote niliyodaka nilikuwa nikiiona mipira ya juu na ya chini bila kuwahi kujiuliza mkono ulioirusha ulikuwa wapi.

Kesho yake tulipokutana nilimwomba msamaha. Sikumzungusha kwa maelezo. Nilimwambia tu kwamba jana yeye alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na kwamba siku nyingine nikimwambia jambo ambalo mpira unalikataa aniambie tena, hata mara tatu. Aliniuliza kama angeweza kuniambia hata mbele ya baba yake, nikasema ndiyo, ingawa jibu hilo lilinichukua muda kidogo.

Kutokana na kosa lile tulipata zoezi ambalo naliona kuwa bora kuliko yote tuliyoyafanya. Nilimwambia arushe mpira mmoja kwa makusudi ujikite ardhini miguuni pake mwenyewe, kisha arushe mwingine kwa makusudi upite juu ya wavu, halafu utakaofuata autie katikati ya hiyo miwili. Alifurahi sana kuruhusiwa kukosea. Baada ya siku chache alianza kuzijua ncha mbili za kosa lake kama mtu anayejua kuta mbili za ushoroba gizani, na mpira wa katikati ukawa unakuja wenyewe bila mimi kusema neno kuhusu mapema wala kuchelewa. Akikosea siku hizi, hunitajia kosa lake kabla mpira haujatua: "Nimechelewa." Mimi sina la kuongeza.

Kosa la pili lilihusu nyonga, na hili sikulibuni mimi bali nililirithi. Nilipokuwa mchezaji nilizoea kusikia warushaji wakiambiwa waupeleke mkono mbali na mwili ili wasijigonge, na mwisho wakiinue kiwiko kwa nguvu hadi kimwelekee mdakaji, huku kiganja kikienda begani. Nilimpa mtoto mafundisho hayo jinsi yalivyo. Mkono wake ukawa mgumu kama mpini, na kila alipomalizia alikuwa akikivuta kiwiko juu kama anayefungua dirisha lililokwama. Nilipokaa na kuitazama mikanda ya warushaji wakubwa katika mwendo wa polepole, fremu kwa fremu, niliona jambo tofauti. Upande wa ndani wa kigasha huugusa ubavu wa nyonga kwa kuupapasa, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, na mguso huo huufanya mkono wa juu upunguze mwendo ghafla huku kigasha na kiganja vikichomoka mbele na kugeukia ndani. Mpira huondoka papo hapo. Kinachofuata ni mkono uliolegea ukimalizia mwendo wake popote unapopenda. Wengine huishia kifuani, wengine begani, na hakuna anayeufuata kwa nguvu. Ule mkao wa mwisho niliokuwa nikiulazimisha ulikuwa kivuli cha tendo ambalo lilikwisha kupita.

Sitaki nidai kwamba walimu wote wanakubaliana kuhusu jambo hili, kwa sababu mjadala wake ni mrefu na wapo waliolea warushaji hodari kwa njia ya zamani. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona kwa mtoto huyu mmoja. Nilipomwambia auache mkono upapase nyonga, halafu ausahau, mpira wake ulianza kutoa ule mlio mkavu katika wavu ambao kila mdakaji anaujua kwa sikio. Ilibidi nimtahadharishe kwamba kupapasa si kujigonga, kwani siku mbili za mwanzo alikuja na wekundu pajani. Sababu ilikuwa kuegemeza mwili upande wa mkono, na aliponyooka wekundu uliondoka.

Baada ya makosa hayo mawili nilifanya uamuzi ambao kwa mdakaji ni kama kuvuliwa cheo: niliacha kudaka. Nilitundika turubai mahali pangu, nikaipindua ndoo na kuiweka pembeni, upande wa mkono wake wa kurushia, hatua nne hivi kutoka kwake, nikakaa hapo. Kwa siku tatu shingo yangu ilikataa. Kila alipouachia mpira, kichwa changu kiligeuka chenyewe kuufuata, na nilipoulizwa kuhusu mguu wake sikuwa na jibu. Ikabidi nijiwekee amri: katika mipira mitano nitazame unyayo tu, katika mitano mingine nyonga tu, katika mitano mingine bega la mkono wa glavu, na mpira uende unakotaka. Sauti ya turubai ingeniambia kama umefika.

Kutoka kwenye ndoo ile niliona mambo ambayo nisingeyaona kamwe kutoka mbele. Niliona kwamba mguu wake wa mbele ulikuwa ukitua kidogo kulia mwa mstari unaotoka katikati ya ubao kwenda kwa mpigaji, na kwa kuwa yeye hutumia mkono wa kulia, nyonga yake ilikuwa inaziba njia ya mkono wake mwenyewe, mkono ukalazimika kuizunguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mipira iliyokwenda pembeni, ambayo mimi nikiwa mbele nilikuwa nikiitibu kwa kumwambia alenge vizuri. Tulichora mstari wa chokaa. Nilimwambia atazame alama ya kidole gumba cha mguu wake baada ya kila mpira, na mstari ukamfundisha kama utepe ulivyomfundisha.

Niliona pia kwamba alikuwa akigeuka kumkabili mpigaji mapema mno. Mrushaji akipiga hatua, mwili wake hufunguka na kuwa ubavu ubavu, na unyayo wa mbele hutua ukiwa umepinda kiasi, wala haumwelekei mpigaji moja kwa moja. Nafasi hiyo ndiyo inayoupa mkono njia ya kupita. Mguu wa mbele ukishatua na kukaza, mwili husimama kama mlango uliokita, nyonga hugeuka kidogo, na mkono hupita. Mtoto akifunga nyonga kabla ya hapo, njia hufungwa nayo. Kwa hili nilitumia ukuta: alisimama mkono wa kurushia ukiwa upande wa ukuta, karibu kiasi cha kuukaribia bila kuugusa, akauzungusha mkono polepole duara zima. Mkono ukitoka nje ya njia yake, vidole hugusa ukuta. Ukipita nyuma ya mgongo, bega husema. Dakika tano za ukuta kabla ya mazoezi zilitosha.

Kuhusu mguu wa nyuma nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ulijirekebisha wenyewe mara tu hatua iliponyooka. Ncha ya kiatu huburuzika ardhini ikiufuata mwili, na mtoto anapaswa kuzuiwa mapema asizoee kuuinua mguu huo, kuukanyagia mahali papya na kusukuma kutoka hapo, maana mwamuzi huhesabu urushaji huo kuwa haramu. Kiatu chake cha kulia kilitoboka mbele ndani ya msimu mmoja. Kaka yangu alilalamika; mimi niliona ni habari njema.

Alipofikisha miezi mitano ya mazoezi alipewa nafasi ya kurusha katika mchezo wa kweli wa watoto. Mpira wake wa nne ulimgonga mpigaji mkononi. Mtoto yule hakuumia sana, akapewa kituo cha kwanza kama sheria inavyotaka, akaendelea kucheza, lakini binti wa kaka yangu hakuwa tena yule niliyemjua. Kuanzia hapo hakurusha, aliusindikiza mpira. Aliupunguza mwendo mkono ulipokaribia nyonga, akaufuata mpira kwa macho na kidevu, na mipira yote ikafika kwa upinde mrefu, mingine ikidondoka kabla ya kufika. Niliposikia watu wazima walioketi kando wakimpigia kelele kwamba alenge tu, alenge tu, nilijua kwamba maneno hayo yalikuwa yangu ya zamani yakirudi kwa sauti ya watu wengine.

Katika wiki zilizofuata niliondoa kila kitu cha kulenga. Turubai lilikuwa na mraba uliochorwa, niliufuta. Nilimwambia kwamba kwa muda wa wiki mbili hatutahesabu straiki, yaani mipira inayopita mahali ambapo mpigaji angeweza kuipiga, na kwamba kazi yake ni moja, kurusha kwa nguvu zake zote akiwa hatua tano kutoka kwenye turubai, na upande wowote wa turubai ni sawa. Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto afundishwe shabaha kwanza, kasi itakuja akikua. Nami nilikuwa mmoja wao, na bado naielewa hoja yao, kwa kuwa mrushaji asiyefikisha mpira huwachosha wachezaji wote wanaosimama nyuma yake. Lakini niliyoyaona yalinibadilisha msimamo. Mtoto anayelenga hupunguza mkono, na mkono uliopunguzwa hupita njia nyingine kabisa na ile ya mkono wenye nguvu, kwa hiyo shabaha anayoipata ni ya urushaji ambao hatautumia atakapokua. Anayerusha kwa nguvu hukosea kwa namna ileile kila mara, na kosa linalojirudia linaweza kutafutwa mguuni au nyongani na kuondolewa. Tulirudi nyuma hatua moja moja, hadi mita 10.67, na mraba ukarudi kwenye turubai pale tu alipouomba mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo sikukubali kulegeza, hata aliponisihi. Watu wengi huamini kwamba kurusha kwa chini hakuchoshi mkono kwa sababu ni mwendo wa asili, na kwa imani hiyo watoto huachwa warushe michezo miwili kwa siku moja. Watafiti waliopima urushaji wa mtindo wa kinu cha upepo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1998, walikuta kwamba nguvu inayohitajika kulizuia bega na kiwiko visivutwe ni kati ya asilimia 70 na 98 ya uzito wa mwili. Misuli ya mbele ya mkono wa juu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ndipo maumivu yanapoanzia. Kwa hiyo nilijiwekea kikomo cha mipira 60 kwa siku, siku tatu kwa wiki zisizofuatana, na mipira ya goti na ya ukuta ilihesabiwa humohumo. Alinipinga kwa kunitajia Yukiko Ueno, ambaye picha yake alikuwa ameibandika ukutani na ambaye katika Olimpiki ya mwaka 2008 aliirushia Japani mipira 413 kwa siku mbili, wakashinda dhahabu. Nilimwambia kwamba Ueno alikuwa na umri wa miaka 26 wakati huo, na kwamba mwaka 2021, akiwa na miaka 39, alikuwa bado anarusha katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo na kuchukua dhahabu tena. "Chagua unataka kumfuata yupi," nikamwambia, "wa siku mbili au wa miaka 13." Alikaa kimya kidogo, akasema kwamba anataka wote wawili, ila ataanza na wa miaka 13.

Mwezi uliopita aliniomba nimdakie tena kama zamani, kwa sababu turubai, alisema, halirudishi mpira wala halisemi kitu. Nilizitafuta glavu na barakoa yangu, nikachuchumaa kwa goti linalolalamika, nikamwekea glavu usawa wa magoti ya mpigaji. Aliukanyaga ubao, akaleta mikono pamoja, akatulia, akaondoka. Nilimwona unyayo wa kushoto ukitua barabara juu ya mstari, umepinda kiasi kilekile tulichokitafuta mwaka mzima. Niliona nyonga imefunguka na kusubiri, kigasha kikaipapasa, bega la glavu likatulia bila kuyumba, ncha ya kiatu ikachora mfereji mwembamba mchangani. Sikumbuki kama nimewahi kumwona akirusha vizuri namna ile. Nilikuwa bado nautazama mfereji ule mpira uliponigonga katikati ya kinga ya kifua na kudondoka miguuni pangu.

"Shangazi," aliniita kutoka ubaoni, mikono kiunoni, "hukuutazama kabisa!"

Nilimrudishia mpira, nikamwambia arushe mwingine.